Kalamu Inapogoma: Kukwama Kuandika Ni Ugonjwa Gani?

Usiku wa kuamkia mazishi ya baba mkubwa, kule Muheza, kazi zilikuwa zimeshagawiwa. Huyu kuni, yule maturubai na viti, mwingine kupokea wageni stendi. Mimi nikapewa wasifu wa marehemu: ukurasa mmoja, usomwe kanisani saa saba mchana. Hakuna aliyeuliza kama nitaweza. Kuandika ndiko kunakonilisha kwa zaidi ya miaka 15 sasa. Naandika safu ya gazeti kila wiki, na katikati ya wiki naandika hotuba za watu wenye vyeo ambao hawana muda wa kuandika wenyewe.

Saa tano usiku nilikuwa na maneno mawili kwenye skrini: "Marehemu alizaliwa". Saa nane yalikuwa bado ni hayo hayo, nimeyafuta na kuyarudisha sijui mara ngapi. Mdogo wangu alipita na birika la chai, akachungulia. "Kaka, si ndiyo kazi yako hii?"

Habari zikafika kwenye moto, walikokuwa wakikesha wanaume, na kila mtu akawa na maelezo yake. Mmoja alisema ni uchovu. Mwingine, majonzi. Jirani mmoja, mtu mzima wa heshima zake, alinivuta pembeni akaniambia nijiangalie, maana kuna watu hawapendi kuona kalamu ya mwenzao inakwenda. Binamu yangu wa Dar es Salaam akalitaja kwa Kiingereza jina la tatizo langu, "writer's block", kwa uhakika wa daktari aliyeshika majibu ya maabara, kisha akarudi kucheza bao.

Maelezo hayo yote nayasikia pia nje ya msiba. Nayasikia kwa wanafunzi wa uzamili ambao tasnifu zimewaganda. Nayasikia kila Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapokaribia kufunga dirisha la kupokea miswada, simu zinapoanza kuingia: "Nimekwama." Neno ni moja, lakini ukiuliza maswali mawili matatu unagundua kila mpiga simu amenasa kwenye tope lake.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kiswahili hakijaamua jina moja. Tunasema kalamu imekauka, kichwa kimegoma, stimu zimekata, sina mudi. Hapa nitatumia kukwama kuandika, kwa maana hii: mtu anayejua kuandika, anayetaka kuandika na aliyepata nafasi ya kuandika, anakaa chini na hakiendi kitu, na hali hiyo inadumu kiasi cha kumuumiza. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi. Asiyetaka kuandika hajakwama, ana haki yake. Mama anayefunga genge saa tatu usiku na bado ana watoto wa kulisha hajakwama, amebanwa, na ukimpa mbinu za kujikwamua unamtukana. Na yule anayesema ataanza Jumatatu ni ndugu wa aliyekwama, lakini si yeye. Huyo hata kitini hajakaa. Aliyekwama amekaa, tena muda mrefu.

Jina la Kiingereza analolipenda binamu yangu halina hata miaka mia moja. Lilianza kutumiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Edmund Bergler, daktari wa akili mzaliwa wa dola ya Austria aliyekuwa akitibu watu New York. Nadharia yake, kwa kifupi, ilikuwa kwamba mwandishi aliyekwama ana kinyongo cha utotoni dhidi ya mama aliyemnyima maziwa. Leo ni wachache wanaoichukua kwa uzito, lakini jina lilibaki, na kwa kuwa lilitungwa na daktari likabaki na harufu ya hospitali. Ndiyo maana watu hulisikia wakadhani upo ugonjwa mmoja, wenye chanzo kimoja, unaongoja kidonge kimoja.

Mimi naona lifaalo zaidi ni kulilinganisha na homa. Wengi wetu tulikulia zama ambazo ukiwa na homa, una malaria. Ulipewa dawa ya malaria, na kama tatizo lilikuwa taifodi au maambukizi ya mkojo, ulirudi wiki ijayo ukiwa hoi. Siku hizi zahanati wanakutoboa kidole kwanza, wanapima. Homa ni dalili, mwili unapiga kelele, na kazi ya mganga ni kutafuta kelele inatoka wapi. Kukwama nako ni hivyo hivyo. Wanasaikolojia Michael Barrios na Jerome Singer wa Chuo Kikuu cha Yale, walipowachunguza waandishi waliokwama, waliona wote hawana raha, lakini kwa namna tofauti: wapo waliojihukumu kwa ukali hadi wakashikwa na wasiwasi, wapo waliokuwa na hasira na watu, na wapo ambao hawakujali tena chochote. Ukimpa yule asiyejali dawa ya yule mwenye wasiwasi, ukamwambia apumzike asijikaze, umempeleka kaburini.

Kabla sijaendelea, nikupe utani wa wasomi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Dennis Upper alichapisha katika jarida la kitaaluma makala kuhusu jinsi alivyojaribu kujitibu kukwama kwake mwenyewe, akashindwa. Chini ya kichwa cha habari ukurasa ulikuwa mtupu, basi. Mhakiki wa jarida akaandika kwamba ameukagua mswada kwa makini na hajaona kosa hata moja.

Sasa tupime homa yenyewe.

Aina ya kwanza ndiyo rahisi, na ndiyo watu wasiyopenda kuisikia: hakuna unga. Dada mmoja alikuwa amekaa miezi minane kwenye sura ya pili ya tasnifu yake, mapitio ya maandiko. Alikuja kwangu akiamini ana tatizo la kisaikolojia. Nilimwomba anitajie mtafiti mmoja tu ambaye hakubaliani naye, na aniambie kwa nini. Akanyamaza. Alikuwa amesoma mihtasari, si vitabu. Huwezi kusonga ugali kwa maji matupu hata sufuria iwe ya dhahabu. Dawa yake ilikuwa kufunga kompyuta, aende maktaba. Na hapa ndipo ushauri wa "jilazimishe tu" unapoharibu, kwa sababu ukijilazimisha bila unga utatoa kurasa za uji.

Aina ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo. Kuandika kunaonekana kazi moja, kumbe ni tatu. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Linda Flower na John Hayes, walizipanga hivi: kuna kupanga utasema nini, kuna kugeuza mawazo yawe maneno, na kuna kupitia ulichoandika uone kama kimekaa sawa. Fikiria daladala. Konda anaita abiria na kuwapanga, huyo ndiye mpangaji. Dereva anaendesha, huyo ndiye anayetoa maneno. Halafu kuna trafiki, anayekagua leseni, matairi na idadi ya waliosimama. Wote watatu tunawahitaji, na barabara bila trafiki tunaijua ilivyo.

Shida inakuja trafiki anapoacha barabara akaingia stendi. Gari halijawashwa, yeye keshasimama dirishani. Abiria wa kwanza anapanda, anashushwa. Dereva anagusa ufunguo, anapigwa faini. Hayo ndiyo yanayotokea kichwani mwa mtu anayeandika neno na kulifuta kabla hajaandika la pili. Akili yetu haiwezi kushika mambo mengi kwa mpigo. Jaribu kubeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni huku unaongea na simu, utaona kipi kinaanguka kwanza. Anayejikagua kila sentensi inapotoka hana nafasi iliyobaki ya kufikiri sentensi ijayo.

Trafiki huyu tumemwajiri wenyewe, mara nyingi shuleni. Mwaka 1980 Mike Rose, mwalimu wa uandishi katika chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, alieleza habari za wanafunzi 10 aliozungumza nao, nusu yao wakiwa watu wa kukwama. Waliokwama hawakuwa wajinga kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa kanuni. Waliokwama walishika kanuni ngumu kana kwamba ni amri za Mungu: lazima sentensi ya kwanza imnase msomaji, lazima kila sentensi iwe sahihi kabla ya kwenda nyingine, lazima mpango ukamilike wote kabla ya kuanza. Wenzao nao walikuwa na kanuni, ila zikiwabana waliziweka kando.

Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka insha yetu. Sisi tulifundishwa kwamba insha nzuri hufunguliwa kwa methali, au kwa jua linalochomoza kwa madaha huku ndege wakiimba. Semi zilihesabiwa. Kalamu nyekundu ilipita juu ya kila "ya" iliyopaswa kuwa "za". Sisemi walimu wetu walikosea, kwani bila wao tusingejua ngeli. Lakini wapo watu wazima, wana vyeo na familia, ambao hadi leo hawawezi kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa sababu wanangoja jua lichomoze kwanza.

Wapika vitumbua wanaijua siri hii. Vile vya kwanza hushika kwenye chuma. Vinatoka vimepasuka, upande mmoja mbichi, navyo hupewa watoto waliozunguka jiko. Sijawahi kumwona mpishi wa vitumbua akizima moto kwa sababu vya kwanza vimeharibika. Chuma bado kinanywa mafuta. Rasimu ya kwanza ni vitumbua hivyo, na mtu wa kuonyeshwa ni wale watoto, si mteja.

Aina ya tatu ni ya kwetu hasa, na katika vitabu vya Wamarekani utaitafuta sana: lugha. Mtoto wa Tanzania aliyepitia shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, na yanabaki hivyo hadi chuo kikuu. Nyumbani, sokoni, kwenye mapenzi na kwenye ugomvi, Kiswahili au lugha ya kwao. Halafu anaambiwa aandike kurasa 100 za fikra zake mwenyewe kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia kumkaripia mtu.

Nilikaa na dada mwingine, mwanafunzi aliyefanya utafiti wake delta ya Rufiji, kuhusu mikoko. Mezani kulikuwa na chai na andazi, na kompyuta ikiwa na sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno kama magogo. Nikamwambia hebu funga hiyo, nieleze mimi nisiyejua. Alianza kuniambia nani anakata boriti na kwa nini, mwezi gani njia za maji hupitika kwa mtumbwi, na mzee gani alimwambia kwamba mkoko ukikatwa chini ya alama fulani hauoti tena. Macho yalimwaka, akasahau andazi. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu. Dakika 11. Tulipoyaandika maneno yake yote yalikuwa karibu kurasa nne, na sura nzima ilikuwa ndani yake, kwa mpangilio mzuri kuliko alioupanga kwa Kiingereza. Kugeuza kurasa hizo kulimchukua wiki nzima ya jasho, nisikudanganye. Ila jasho la kutafsiri si sawa na kukodolea macho ukurasa mtupu. Dada huyu alikuwa bubu wa lugha moja tu, na kwa miezi kadhaa alijiona bubu wa akili.

Upande wa pili wa shilingi ni wale wanaokiogopa Kiswahili chenyewe. Usanifishaji wa Kiswahili, uliosimamiwa tangu 1930 na ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ulichukua Kiunguja kuwa msingi. Ulitupatia lugha moja ya vitabu, na pia ukawaachia watu wengi hofu ya kudumu. Mtu wa Mombasa mwenye Kimvita kitamu anakuomba radhi kabla hajakutumia shairi. Wa Nairobi anasema Kiswahili chake ni cha mtaani. Wa Lubumbashi anaandika kwa Kifaransa ili asichekwe. Hawa nao trafiki wao yuko stendi, tofauti ni sare tu.

Kuna aina ya nne, nayo ndiyo iliyonikamata mimi Muheza, ingawa usiku ule sikuijua. Nitairudia. Kwa sasa niseme tu kwamba wakati mwingine sentensi haitoki kwa sababu kabla yake kuna uamuzi ambao hujaufanya, na unaukwepa.

Na ipo ya mwili. Usingizi, njaa, malaria ya kweli, uzazi, msiba. Hapo hakuna cha kutafakari, mtu apumzike. Ila ukiona kutoandika kumefuatana na usingizi kukimbia au kuzidi, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda havina ladha, na hali hiyo imevuka wiki mbili, hilo tena si suala la kalamu. Linaweza kuwa sonona, na sonona ina matibabu hospitalini. Usiniletee mswada, nenda kamwone daktari.

Kwa yule jirani wa pale motoni: kijicho kipo, sibishi. Lakini katika watu wote niliowasikiliza, sijaona ambaye akipekuliwa vizuri hakukutwa na moja ya hayo niliyoyataja.

Athari zake nazo hazieleweki vizuri. Watu hudhani hasara ya kukwama ni kurasa zisizoandikwa. Hizo ni hasara ndogo. Kubwa ni kile kitu kinachojengeka taratibu. Siku ya kwanza umekaa, hakikutoka kitu, ukainuka kwenda kufagia chumba. Ulipoinuka ulijisikia nafuu. Akili ikajifunza hapo hapo: kuinuka ni nafuu, kukaa ni maumivu. Kesho inakuinua mapema zaidi. Baada ya mwezi viatu vyote vya nyumba nzima vimeoshwa. Kisha inakuja aibu. Ujumbe wa msimamizi unausoma bila kuufungua, kwa kuchungulia juu ya skrini, ili asione kwamba umeuona. Unamwona chuoni anakuja, unageuza njia. Naye anadhani unamdharau au umeacha masomo, hakufuatilii tena, na wewe unachukua ukimya wake kuwa ushahidi kwamba kazi yako haifai. Kwa anayelipwa kwa neno, mnyororo huo unapita pia kwenye kodi ya nyumba.

Wakubwa wamepita humo. Joseph Mitchell, mwandishi wa jarida la The New Yorker, alichapisha makala yake ya mwisho humo mwaka 1964, kisha akaendelea kwenda ofisini, miaka nenda miaka rudi, hadi alipofariki 1996, bila kuchapisha nyingine. Ralph Ellison alipata sifa kubwa kwa riwaya yake ya 1952. Ya pili hakuimaliza hadi alipokufa 1994, na alipokufa aliacha maelfu ya kurasa. Mfano wa Ellison naupenda kwa sababu unavuruga hesabu: mtu anaweza kukwama huku anaandika kila siku. Kilichomgomea hakikuwa kurasa, ni kukamilisha, na naamini sifa za kitabu cha kwanza zilikuwa na mkono wake humo.

Sasa yale yanayosemwa mtaani kuhusu kukwama. La kwanza, mudi, au kama vijana wanavyosema, mzuka haujapanda. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Robert Boice aliwafuatilia wahadhiri wa Marekani waliokuwa wamekwama. Kundi moja liliandika lilipojisikia, jingine liliandika kwa ratiba litake lisitake, na jingine liliambiwa lisiandike kabisa isipokuwa kwa dharura. Wa ratiba walitoa kurasa nyingi zaidi, na hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kwamba mawazo mapya pia yaliwajia wao zaidi kuliko waliosubiri yawajie. Mzuka, inaonekana, hupenda kumkuta mtu kazini.

La pili, mazingira: ningekuwa na chumba chenye upepo wa bahari Bagamoyo, ningeandika. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu ndani ya gereza la Kamiti mwaka 1978. Wote wawili waliandika kwenye karatasi za chooni. Mifano hii hutumiwa vibaya, kumsimanga mtu mwenye watoto watatu katika chumba kimoja, kana kwamba gereza ni darasa la uandishi. Ninachokiona mimi ni kimoja tu: walikuwa na jambo la kusema lililowachoma kuliko karatasi ile ilivyokwaruza.

La tatu, kileo. Wapenzi wa hoja hii humtaja mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge na kasumba yake, yaani afyuni. Wasichokisema ni kwamba mwaka 1804, alipotimiza miaka 32, Coleridge huyo huyo aliandika katika daftari lake kwa huzuni na aibu kwamba mwaka mzima umepita na hajafanya kitu. Kasumba hiyo hiyo alikuwa nayo.

La nne ni jipya: kwamba sasa kuna akili unde, au akili mnemba kama unavyopenda, hakuna sababu ya mtu kukwama. Kweli, mashine itakujazia ukurasa kabla chai haijapoa. Ningeiomba usiku ule iniandikie wasifu wa mzee mchapakazi, mcha Mungu na mpenda watu, ingeniandikia. Halafu waombolezaji wote wangejua kwamba mtu anayesemwa hapo si baba mkubwa.

Turudi kwa Coleridge, maana ana somo jingine. Ushairi ulipomgomea, alianzisha jarida, 1809, na sehemu kubwa ya maneno yake hakuyaandika kwa mkono. Aliyasema, rafiki yake Sara Hutchinson akaandika. Kinywa kilikuwa wazi muda wote, mkono ndio uliofungwa. Na sisi wa pwani hatukuhitaji kwenda Uingereza kulijua hilo. Katika utenzi wake wa karibu 1858, Mwana Kupona binti Mshamu anamwambia binti yake kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, hakupata kumwambia neno jema. Kisha anamwita asogee akae karibu, na wino na karatasi, maana moyoni ana hadithi anayopenda kumweleza. Mwaka wa ukimya, halafu hakai peke yake kukodolea karatasi: anamwita mtu anayempenda, anasema naye.

Zaidi ya hapo, watunzi wa tenzi walikuwa na kitu tulichokitupa. Hawakuwa na tatizo la sentensi ya kwanza, kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa tayari. Bismillahi, sifa za Mola, sala kwa Mtume, kisha niletee wino na karatasi. Beti kadhaa zimeshatoka kabla mtunzi hajafikia jambo lake, sauti imeshapata moto, vina vimeshashika njia. Msimuliaji wa hadithi naye anayo yake: paukwa, pakawa. Ni mlango ulio wazi, unaingia bila kubisha. Sisi wa leo tumeambiwa kila mtu ajijengee mlango wake kwanza, tena uwe wa ajabu, ndipo aingie ndani. Siku hizi nikianza makala huandika juu kabisa "Ndugu msomaji, leo nataka kukuambia kwamba", naendelea kutoka hapo, na mwisho nayafuta maneno hayo.

Sasa Muheza. Saa kumi na moja alfajiri niliikunja kompyuta nikaenda uani. Shangazi, dada wa marehemu, alikuwa na ungo magotini, anachagua mchele kwa mwanga wa taa ya chemli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado."

Hakuinua macho. "Kaa hapo. Andika. Kaka yangu alikuwa hapendi watu wanaochelewa."

Nikaandika. Akaniambia habari za reli, miaka yake stesheni ya Korogwe, saa aliyoivaa mkono wa kulia, siku alipokataa kumfungulia mlango mchumba wa binti yake kwa kuwa alifika saa kumi na dakika 20 badala ya saa kumi. Vidole vyangu vilikuwa vinakimbia. Tulipofika kwenye familia vikasimama, pale pale vilipokuwa vimesimama tangu saa tano usiku. Baba mkubwa alikuwa na watoto wa nyumba mbili, na nyumba hizo hazikuwa zikisemezana. Nani atajwe kwanza? Kumbe nilikuwa nimekaa usiku kucha mbele ya swali hilo, nikijidanganya kwamba natafuta maneno.

"Shangazi, watoto nianze na wa nani?"

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa mbali. "Aliyezaliwa kwanza ndiye wa kwanza. Wachanganye wote. Na mama zao usiwataje kwa namba."

Jua lilipotoka nilikuwa nimemaliza. Kanisani usomaji ulichukua dakika nne. Nilipotaja mwaka wa kuzaliwa, mzee mmoja wa benchi la nyuma alisema kwa sauti, "Hapana, ni arobaini na moja!" na kanisa zima likacheka, mara ya kwanza kwa siku tatu. Msafara wa kwenda makaburini uliondoka ukiwa umechelewa dakika 40.